Kutoka Bwana Nyama hadi Kamati ya Kijiji: Historia ya Mafunzo ya Usimamizi wa Maliasili Tanzania, 1937–2018

1.0 Utangulizi

Historia ya uhifadhi nchini Tanzania mara nyingi husimuliwa kama historia ya mipaka: hifadhi fulani ilitangazwa lini, nani alihamishwa, na sheria ipi ilitumika. Insha hii inaitazama historia hiyo kupitia darasa. Inauliza nani alifundishwa kusimamia misitu na wanyamapori, alifundishwa nini, kwa lugha gani, na ili akafanye kazi kwa niaba ya nani. Swali hili laweza kuonekana dogo likilinganishwa na suala la ardhi, lakini lina uzito wake. Mtu aliyekabidhiwa mamlaka bila maarifa ya kuyatumia hubaki akimtegemea mwenye maarifa, hata kama sheria inamtaja yeye kuwa msimamizi wa mali.

Hoja kuu ya insha ni kwamba vyuo vya maliasili nchini vilianzishwa ili kujaza nafasi za kazi serikalini, na kwa sababu hiyo mitaala yake ilifuata mahitaji ya ofisi. Sera na sheria za kati ya mwaka 1998 na 2002 zilipokifanya kijiji kuwa msimamizi halali wa misitu na wanyamapori walio katika ardhi yake, kijiji hakikupata chuo cha aina hiyo. Kilichotolewa zaidi kilikuwa kozi fupi ya sehemu moja ya kazi ya ofisi, yaani ulinzi. Upangaji, utunzaji wa hesabu na usimamizi wa mikataba, ambayo ndiyo kazi hasa ya msimamizi, ulibaki kwa kiasi kikubwa mikononi mwa wataalamu wa wilaya, wizara na mashirika.

Kipindi kinachojadiliwa kinaanza mwaka 1937, ambao Chuo cha Misitu Olmotonyi kinauhesabu kuwa mwanzo wake, na kinaishia mwaka 2018, taasisi za uhifadhi zilipoanza kuingia katika mfumo wa jeshi usu. Insha inajikita Tanzania Bara na inafuata mtiririko wa wakati.

2.0 Maarifa na Ofisi Wakati wa Ukoloni

Utawala wa Wajerumani ulitoa kanuni za uwindaji mwaka 1896, chini ya Gavana Hermann von Wissmann, na mwaka 1902 ukaanzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara. Waingereza walipoichukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliunda idara ya misitu na idara ya wanyamapori. Katika tawala zote mbili utaratibu ulikuwa ule ule. Uamuzi kuhusu nini kihifadhiwe, wapi na kwa nini ulikuwa wa maofisa wa Kizungu, na kazi ya kutekeleza uamuzi huo porini ilifanywa na Waafrika.

Haina maana kwamba Waafrika hao hawakuwa na maarifa. Idara ya wanyamapori iliajiri wafuata nyayo na wawindaji kwa sababu walijua njia za tembo, majira ya maji, tabia za simba na majina ya miti. Walijifunza kazi kwa kuwafuata wazee wao, na baadaye kwa kuwafuata maofisa. Hata hivyo, maarifa hayo yalimpatia mtu kazi ya askari au mpagazi. Hayakumfikisha kwenye ofisi. Aidha, mtu yule yule aliyewinda kwa desturi ya ukoo wake aligeuka kuwa mvunja sheria asipokuwa na leseni, ilhali ujuzi wake uliendelea kutumika mara alipovaa sare.

Lugha ya Kiswahili imehifadhi kumbukumbu ya utaratibu huu. Ofisa wa wanyamapori aliitwa bwana nyama, wa misitu aliitwa bwana miti, na wa kilimo bwana shamba. Neno bwana katika istilahi hizi linataja mamlaka kabla ya kutaja utaalamu: ndiye aliyeweza kutoa kibali, kutoza faini na kukamata. Mwanakijiji hakumwendea bwana nyama ili ajifunze habari za wanyama. Alimwendea kuomba ruhusa, kulalamikia tembo walioharibu shamba, au alipelekwa kwake akiwa mtuhumiwa.

Katika mazingira hayo ndipo yalipoanza mafunzo rasmi ya misitu yanayohusishwa na Olmotonyi, chini ya Mlima Meru karibu na Arusha. Yalilenga kuandaa watumishi wa ngazi za chini wa idara: watu wa kusimamia vitalu vya miche, kupima miti, kulinda mipaka ya misitu ya hifadhi na kukagua leseni za uvunaji. Jambo la kuzingatia hapa ni uhusiano kati ya darasa na ajira. Mwanafunzi aliingia chuoni kwa sababu idara ilimhitaji, na alichofundishwa kilipimwa kwa kazi iliyokuwa ikimsubiri. Uhusiano huo haukukatika wakati wa Uhuru. Uliendelea na kukua.

3.0 Uhuru na Chuo cha Mweka

Mnamo Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, mkutano wa kimataifa kuhusu uhifadhi barani Afrika ulifanyika Arusha. Hapo ndipo ilipotolewa kauli ya Mwalimu Julius Nyerere inayojulikana kama Ilani ya Arusha, ambayo haina budi kutofautishwa na Azimio la Arusha la mwaka 1967. Ilani hiyo hunukuliwa sana kwa ahadi yake ya kuwatunza wanyamapori kwa ajili ya vizazi vijavyo. Sehemu inayohusu mada yetu haitajwi mara nyingi. Ilisema kwamba kazi hiyo inahitaji ujuzi maalumu, watu waliofunzwa na fedha, na ikayaomba mataifa mengine kushirikiana na nchi mpya katika jukumu hilo. Kwa maneno mengine, suala la mafunzo liliwekwa mezani pamoja na suala la hifadhi zenyewe.

Sababu ilikuwa dhahiri. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilikuwa imetangazwa mwaka 1951, na mapori ya akiba yalikuwa mengi, lakini maofisa walioyaendesha walikuwa Wazungu, na wengi wao walitarajiwa kuondoka. Wafadhili wa nje walihofu kwamba hifadhi zingeporomoka baada yao. Serikali mpya nayo ilitaka nafasi hizo zishikwe na wananchi. Hofu ya upande mmoja na matakwa ya upande mwingine vilikutana katika jawabu moja: chuo.

Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, kilifunguliwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi, na kikapewa msingi wa kisheria kwa Sheria Na. 8 ya mwaka 1964. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Hugh Lamprey, mwanaikolojia Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi katika idara ya wanyamapori ya Tanganyika. Miongoni mwa waliokisaidia lilikuwamo shirika la African Wildlife Leadership Foundation, lililoundwa Marekani mwaka 1961. Chuo kilipokea wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika zinazotumia Kiingereza, na mwaka 1970 chuo kama hicho kwa nchi zinazotumia Kifaransa kilianzishwa Garoua, Kameruni.

Mafunzo ya Mweka yaliunganisha darasa na pori. Wanafunzi walisoma ikolojia, utambuzi wa mimea na wanyama, sheria na utawala, na walitumia muda mrefu safarini wakijifunza kusoma ramani, kuhesabu wanyama, kutunza magari, kutumia bunduki na kuendesha kambi. Kwa kipimo cha lengo lake chuo kilifaulu. Katika kipindi kisichozidi kizazi kimoja, uongozi wa hifadhi na idara za wanyamapori katika nchi nyingi za Afrika ulikuwa mikononi mwa Waafrika, na wengi wao walikuwa wamepitia Mweka. Mafanikio hayo hayapaswi kupuuzwa na mtafiti yeyote anayekikosoa chuo hicho.

Hata hivyo, lengo lenyewe lilikuwa na mipaka. Kumweka Mwafrika katika ofisi ya bwana nyama hakukuibadilisha ofisi ile. Mhitimu alifundishwa kwa Kiingereza, akaajiriwa na serikali, akarithi sheria zilizomwona mwanakijiji kama tishio la kudhibitiwa. Mwaka 1966 ilianzishwa Taasisi ya Taaluma ya Wanyamapori Pasiansi, jijini Mwanza, kwa ajili ya askari wa wanyamapori. Kwa hiyo, kufikia mwisho wa muongo wa kwanza wa Uhuru, mafunzo yalikuwa na ngazi mbili zilizo wazi: ofisa alikwenda Mweka na askari alikwenda Pasiansi. Mwanakijiji aliyeishi jirani na pori hakuwa na ngazi yoyote, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kazi iliyomsubiri.

4.0 Elimu ya Watu Wazima: Mlango Uliofunguka Nusu

Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitoa msingi wa kuliona jambo hili kwa namna nyingine. Ilikosoa elimu inayomtenga msomi na jamii yake na ikataka shule zihusiane na maisha ya vijijini. Kutokana na fikra hizo zilizaliwa kampeni za elimu kwa njia ya redio, zilizoendeshwa kwa vikundi vya kusikiliza, kusoma vijitabu na kujadiliana. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni mbili. Mwaka 1980 ilifuata kampeni ya Misitu ni Mali, iliyohusu moja kwa moja upandaji na utunzaji wa miti.

Misitu ni Mali inastahili nafasi katika historia hii kwa sababu mbili. Kwanza, ilitumia Kiswahili kama lugha ya maarifa ya misitu, na si kama lugha ya amri tu. Pili, ilidhani kwamba mtu mzima asiye na cheti chochote anaweza kuelewa uhusiano wa miti, maji, udongo na kuni, na kufanya uamuzi juu yake. Upungufu wake ulikuwa katika swali la umiliki. Wananchi walihimizwa kupanda miti, lakini misitu ya asili iliyowazunguka ilibaki chini ya serikali kuu au halmashauri, au haikuwa na msimamizi anayejulikana. Ni vigumu kumfundisha mtu kusimamia mali ambayo sheria haijamkabidhi.

Mwaka 1975 ulianza mpango wa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya nchi za Skandinavia na kwa msaada wa Sweden. Vyuo hivyo, ambavyo hatimaye vilizidi 50, vilikusudiwa kumpokea mwanakijiji, kumfundisha stadi na uongozi, kisha kumrudisha kijijini kwake. Kwa muundo wake, hapa ndipo mahali ambapo elimu ya usimamizi wa maliasili ingeweza kuota mizizi: chuo kilicho karibu, kinachotumia Kiswahili, kisichodai cheti cha sekondari, na kinachomtarajia mwanafunzi kurudi kwao badala ya kusubiri kupangiwa kituo cha kazi. Lakini fani zilizotawala zilikuwa useremala, uashi, ushonaji, kilimo na ufugaji. Misitu na wanyamapori yaliendelea kuhesabiwa kuwa mambo ya wizara nyingine na vyuo vingine. Mgawanyo huo wa kiutawala uliathiri historia yote iliyofuata.

5.0 Vijiji Vilivyojifunza kwa Kutenda

Wakati vyuo vikiendelea na njia yake, mifano miwili ilionyesha kwamba usimamizi wa maliasili unaweza kufundishwa na kujifunzwa nje ya vyuo. Wa kwanza ni Shinyanga. Eneo hilo lilipoteza sehemu kubwa ya miti yake katika karne ya 20, kwa sababu zilizojumuisha ufyekaji wa mapori ili kudhibiti mbung'o, upanuzi wa mashamba ya pamba na ongezeko la mifugo. Uhamisho wa watu kwenda vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970 uliwatenga wengi na maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI.

HASHI ilianza kwa mkazo wa vitalu na upandaji, lakini mafanikio yake makubwa yalitokana na desturi ya Wasukuma iitwayo ngitili. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, nyasi zikiwa zimekua. Maeneo yakifungwa, visiki na mizizi iliyobaki ardhini huchipua, na msitu hurudi bila kupandwa. Usimamizi wake ulitegemea mikutano ya jadi iitwayo dagashida, iliyoweka kanuni na adhabu, sambamba na sheria ndogo za kijiji. Ngitili zilizotambuliwa mwaka 1986 zilikuwa takribani hekta 600 tu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000. Mtaalamu aliyetoka chuoni alikuwa na mchango wake katika kazi hii, lakini kwanza alilazimika kuwa mwanafunzi wa wazee.

Mfano wa pili ni msitu wa miombo wa Duru-Haitemba wilayani Babati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikusudia kuutangaza kuwa hifadhi yake. Wakazi wa vijiji vinane vinavyouzunguka walipinga. Baada ya mazungumzo yaliyohusisha wataalamu wa misitu waliofanya kazi katika mpango uliofadhiliwa na Sweden, vijiji vilikubaliwa kuusimamia vyenyewe. Kila kijiji kilitambua mipaka ya sehemu yake, kikachagua kamati na walinzi, kikaamua matumizi gani yaruhusiwe na yapi yakatazwe, kisha kikapitisha sheria ndogo. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 mfano huu ulikuwa umeanza kuigwa kwingineko, ukiwamo msitu wa SULEDO wilayani Kiteto, ulioitwa hivyo kutokana na majina ya Sunya, Lengatei na Dongo, ambao jamii yake ilipata tuzo ya kimataifa ya Ikweta mwaka 2002.

Kinachojitokeza Babati ni aina ya elimu ambayo mitaala ya vyuo haikuwa nayo. Wanakijiji walijifunza kuandika mpango wa usimamizi kwa kuuandika, kutunza daftari la faini kwa kulitunza, na kuwawajibisha viongozi kwa kuwahoji katika mkutano mkuu wa kijiji. Somo la msingi lilikuwa utawala, na ulinzi ulikuwa tawi lake. Mlinzi wa msitu alichaguliwa na wenzake na aliwajibika kwao.

6.0 Selous, Likuyu Sekamaganga na Askari wa Kijiji

Upande wa wanyamapori ulifuata njia tofauti, na sababu yake kubwa ilikuwa ujangili. Katika Pori la Akiba Selous na maeneo jirani, tembo walipungua kutoka zaidi ya 100,000 katikati ya miaka ya 1970 hadi takribani 30,000 mwaka 1989. Mwaka huo serikali iliendesha Operesheni Uhai, iliyowashirikisha wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori, na biashara ya kimataifa ya meno ya tembo ikapigwa marufuku. Katika hali hiyo, neno uhifadhi lilimaanisha kwanza kabisa kuzuia mauaji.

Pamoja na operesheni hizo, mpango wa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani ulioanza Selous mwishoni mwa miaka ya 1980 ulitambua kwamba pori hilo lisingeweza kulindwa bila vijiji vinavyolizunguka. Wenyeji wengi waliliita Shamba la Bibi, jina linaloambatana na simulizi kwamba Kaisari wa Ujerumani alimzawadia mkewe eneo hilo. Iwapo simulizi ni ya kweli au la si muhimu hapa. Jina lenyewe lilitangaza kwamba pori lilikuwa mali ya mtu mwingine, na mwanakijiji aliyeingia humo alikuwa ameingia shamba la wenyewe.

Ili kubadili hali hiyo, vijiji vilitengewa mgawo wa nyama, vikahimizwa kupanga matumizi ya ardhi, na vijana wao wakachaguliwa kuwa askari wanyamapori wa vijiji. Kutokana na haja ya kuwafunza ndipo kilipoanzishwa, katika miaka ya 1990, Chuo cha Mafunzo ya Uhifadhi wa Maliasili kwa Jamii cha Likuyu Sekamaganga, katika eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Namtumbo mkoani Ruvuma. Katika historia inayojadiliwa hapa tukio hili lilikuwa geuko la kweli. Kwa mara ya kwanza palikuwa na chuo cha maliasili ambacho mwanafunzi wake aliyekusudiwa alitoka kijijini na kurudi kijijini. Lugha ya darasa ilikuwa Kiswahili, na ukosefu wa elimu ya sekondari haukuwa kizuizi.

Hata hivyo, maudhui ya mafunzo yalionyesha asili ya chuo hicho. Kozi ya msingi ya askari wa kijiji ilijikita katika doria, sheria za wanyamapori, utambuzi wa wanyama na nyayo, matumizi ya silaha na taratibu za ukamataji. Walikuwapo pia viongozi wa vijiji na wajumbe wa kamati za maliasili waliopata mafunzo, lakini askari ndiye aliyekuwa mwanafunzi wa mfano. Alifundishwa kwa ufupi kile ambacho askari wa Pasiansi alifundishwa kwa urefu. Kijiji kilikuwa kimepata mlango wa kuingilia darasani, nacho kikakaribishwa kwenye somo la ulinzi. Tukilinganisha na Babati, mpangilio ulikuwa umegeuzwa: huko utawala ulitangulia na ulinzi ukaufuata, hapa ulinzi ulitangulia.

7.0 Sheria Mpya na Pengo la Mafunzo

Kati ya mwaka 1998 na 2002 mfumo wa kisheria ulibadilika kwa kasi. Sera ya Wanyamapori na Sera ya Misitu zilitolewa mwaka 1998. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5, ilipitishwa mwaka 1999. Sheria ya Misitu, Na. 14, ilipitishwa mwaka 2002 na kutambua misitu ya hifadhi ya ardhi ya kijiji. Na mwaka huo huo zikatoka kanuni za kuanzisha hifadhi za jamii za wanyamapori. Kwa mujibu wa mfumo huu, kijiji si jirani wa hifadhi tu. Ni msimamizi mwenye haki na wajibu.

Ni vyema kuorodhesha kile ambacho hifadhi ya jamii ya wanyamapori inadai kwa wananchi. Vijiji lazima viwe na mpango wa matumizi ya ardhi, viunde jumuiya yenye katiba na viongozi waliochaguliwa, viandae mpango wa usimamizi wa eneo, vitunge sheria ndogo, viingie mikataba na wawekezaji wa uwindaji au utalii wa picha, vipokee mapato, viyagawe na kutoa hesabu. Miongoni mwa kazi hizo zote, doria ni moja tu. Nyingine zinahitaji stadi za uhasibu, sheria ya mikataba, usomaji wa ramani na uendeshaji wa mikutano. Mwekezaji anapofika kujadili mkataba huja na mwanasheria na mhasibu. Jumuiya isiyo na wanachama waliofunzwa mambo hayo humtegemea ofisa wa wilaya au shirika lisilo la kiserikali liisomee mkataba wake yenyewe. Mamlaka iliyoko kwenye karatasi hupungua mezani.

Mabadiliko mawili katika mfumo wa elimu yaliongeza ugumu. La kwanza ni urasimishaji wa elimu ya ufundi uliofuata kuanzishwa kwa Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi kwa sheria ya mwaka 1997. Baraza liliweka ngazi za tuzo na vigezo vya udahili, hatua iliyolinda ubora wa vyuo. Lakini kigezo cha kuingilia ngazi ya cheti, yaani ufaulu wa masomo manne katika mtihani wa kidato cha nne, kiliwaacha nje wanakijiji wengi walioishia darasa la saba, wakiwamo waliokuwa wameongoza kamati za misitu kwa miaka mingi. Uzoefu wao haukuwa na mahali pa kuandikwa katika fomu ya maombi.

La pili ni mfumo wa jeshi usu, ambao taasisi za serikali za uhifadhi zilianza kuutumia mwaka 2018. Mfumo huu ulilenga nidhamu, amri moja na uwezo wa kukabiliana na ujangili wa kutumia silaha, tatizo ambalo lilikuwa limerudi kwa nguvu katika muongo uliotangulia. Hakuna haja ya kukana uzito wa tatizo hilo. Askari walipoteza maisha kazini. Lakini kwa historia ya mafunzo, athari yake ni kuimarisha taswira ya msimamizi wa maliasili kuwa mtu wa sare na silaha. Taswira hiyo humgusa pia askari wa kijiji, anayejipima kwa kipimo cha askari wa serikali. Aidha, huwasukuma kando wanawake, ambao katika vijiji vingi ndio wakusanyaji wakuu wa kuni, maji na mimea ya dawa, na ambao wana maarifa ya kila siku kuhusu hali ya msitu.

Inaweza kudaiwa kwamba pengo hili ni la fedha zaidi kuliko la fikra: kwamba kozi fupi ya ulinzi ni nafuu, na mafunzo marefu ya utawala ni ghali. Hoja hiyo ina ukweli. Hata hivyo, haielezi kwa nini fedha chache zilizopatikana zilielekezwa mara kwa mara kwenye doria. Maelezo yanayoridhisha zaidi ni ya kihistoria. Kila kizazi cha wapangaji wa mafunzo kilianza na swali lile lile: ofisi inahitaji mtumishi wa aina gani? Olmotonyi, Mweka na Pasiansi zilijibu swali hilo vizuri. Likuyu Sekamaganga ilikuwa na nafasi ya kuuliza swali jingine, yaani kijiji kinahitaji maarifa gani ili kiamue chenyewe, lakini ilizaliwa wakati wa dharura ya ujangili na ikarithi swali la zamani.

8.0 Hitimisho

Insha imeonyesha kwamba mafunzo ya maliasili Tanzania yalipanuka kwa kushuka ngazi: kutoka ofisa wa kikoloni hadi ofisa mwananchi, kutoka ofisa hadi askari wa serikali, na kutoka askari wa serikali hadi askari wa kijiji. Katika kila hatua watu wengi zaidi waliingia darasani, lakini fungu la maarifa waliyopewa lilipungua, hadi mwanakijiji akabakiwa na somo la ulinzi. Wakati huo huo, Shinyanga na Babati zilithibitisha kwamba wanakijiji wana uwezo wa kupanga, kuweka kanuni na kuwajibishana pale wanapopewa nafasi.

Matokeo haya yana maana kwa utafiti na kwa utendaji. Kwa watafiti, historia ya uhifadhi haina budi kuhusisha mitaala, vigezo vya udahili na lugha ya kufundishia, kwa kuwa humo ndimo mgawanyo wa mamlaka hujificha baada ya sheria kubadilika. Kwa upande wa utendaji, vyombo vinavyohitajika vipo tayari. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vimesambaa nchini na vina desturi ya kumpokea mtu mzima kwa Kiswahili. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi, unaompa cheti fundi aliyejifunzia kazini baada ya kupimwa. Fundi uashi na seremala wananufaika na utaratibu huo. Mwenyekiti wa kamati ya maliasili aliyeandika mipango, kutunza hesabu za msitu na kusuluhisha migogoro ya malisho kwa miaka kumi anastahili kupimwa na kutambuliwa kwa njia hiyo hiyo, kisha afundishwe uhasibu na mikataba katika chuo kilicho karibu naye. Hapo ndipo mamlaka ambayo sheria za mwaka 1999 na 2002 zilikipa kijiji yatakapokuwa na watu wa kuyatumia.